Plastike Nyekundu ya Pikipiki ya Muganga

Beni, le 3 juin 2001

Mudogo yangu Syauswa,

Leo ni Pentekoste, tumetoka misa, na mbele nianze kupika naona nikuandikie kwanza, juu nikikaa kwa moto nitasahau. Hatuko bagonjwa. Binti yetu Nadège amemaliza kujifunza kushona kwa bamama ya parokia, na sasa anapima kila mutu anayepita, hata bale hawakulomba nguo. Mama yetu anaendelea namna gani na magoti yake? Na bibi yako Jokébed alizaa ama bado? Barua yako ya mwisho ilisema mutoto eko karibu, na hiyo karibu imekuwa sasa miezi mbili.

Bon. Neno yenyewe ni hii. Unajua pikipiki ya shemeki yako Vagheni, ile DT ya zamani aliuziwa na agronome, bwana shamba ya kahawa, mwaka 84. Moteur iko nzima, weye mwenyewe uliisikia. Mais plastike yake inaniletea haya. Garde-boue ya mbele, ile inakinga matope ya gurudumu, ilipasuka tangu vita ya kwanza. Vagheni alikata bidon, dumu ya njano ya mafuta, akatoboa mashimo na musumari ya moto, akaishona pale na fil de fer, waya. Cache, kifuniko ya pembeni, ya kuume, bidon. Ya kushoto, bidon, na maandiko ya mafuta bado inasomeka. Piki yote iko njano sawa banane ya kuiva. Batu ya quartier banamuita Muganga Bidon. Yeye anacheka, anabapigia klaksoni. Mi hapana nacheka.

Mwezi ya munane bageni batakuya kumuomba Nadège. Ni batu ya kujiheshimu. Sitaki bafike kwa parcelle, kiwanja yetu, bakute bidon. Nitafutieko plastike mupya, zote, ya mbele, ya nyuma na ya pembeni. Weye fundi ya Butembo, huko hakuna kitu inakosa. Hapana kumuandikia shemeki yako. Nataka siku moja aamuke aikute imefungwa.

Na tafuta kitu ya nguvu. Unajua kila mardi, jumanne, anapeleka chanjo ya batoto mupaka Mbau. Sasa njiani iko bariere tatu za kusimamisha batu, mbili ya basoda na ya mwisho ya Mayi-Mayi, bapiganaji ya pori. Kila mardi mi sikule kitu mupaka nisikie ile DT inapanda kilima yetu. Donc usinitumie takataka.

Ni miye yaya yako, dada mukubwa ule alikubeba mugongoni mupaka ukakataa kutembea,
Kavuo


Butembo, le 21 juin 2001

Yaya Kavuo,

Wasingya, asante kwa barua. Lukman aliileta, ule chauffeur ya lori ya bluu, alilala njiani siku ine ndani ya matope. Jokébed alizaa le 9 juin, mutoto mwanamuke, tumemuita Kyakimwa. Analia sawa moteur ya piki. Mama anasema magoti yake ilianza kuuma mbele ya vita na itamaliza nyuma ya vita. Anakusalimia sana, na anasema umutumie ndizi ya huko, ya kwetu haina utamu.

Juu ya plastike. Nilizunguka soko yote. Ya kiwanda yenyewe haiko tena, ile piki ni muzee, kiwanda kilisahau. Mais kuna ya kuiga, bacommerçants banaileta toka Dubai pamoja na vitenge. Kuiga haiko kusema mubaya. Ni nyembamba kidogo, na mashimo yake hayakubaliane na cadre, mifupa ya piki, juu ule aliyeifanya hakuona DT hata siku moja. Hiyo ni kazi yangu. Nitaikata, nitaikunja, itakaa. Rangi iko paka moja tu, nyekundu. Nyekundu ya kuwaka.

Mais nahitaji vipimo. Chukua kamba ya kawaida, uiweke kwa boulon, bolti ya kwanza ya garde-boue, uivute mupaka kwa boulon ya mwisho, na kila pahali boulon inaingia ufunge fundo. Kamba moja ya mbele, moja ya nyuma, moja ya kila upande. Hapana kutumia mètre ya Nadège ya kushona. Ile ni ya kitambaa, inavutika, itatudanganya.

Neno moja, yaya. Shemeki anajua kweli? Piki ni ya mutu. Mi fundi, sipendi kugusa piki pasipo mwenyewe kusema ndiyo.

Mudogo yako mwenye mikono ya mafuta,
Syauswa


Beni, le 8 juillet 2001

Syauswa,

Karibu Kyakimwa duniani. Bibi yako nampigia makofi, weye hapana, weye hukufanya kitu. Ndizi ya mama iko ndani ya kitunga ya Lukman, ya juu ni ya mama, ya chini ni ya Jokébed, yako haiko.

Kamba ine iko ndani ya hii barua. Nilipima wakati Vagheni alikuwa kwa misa ya kwanza na miye nilisema kichwa inaniuma, Mungu anisamehe. Ile ya mbele iko na fundo ine. Fundo ya tatu nilifunga mara mbili juu ilikuwa inateleza, usiihesabu kama mbili.

Ulinilomba kama shemeki yako anajua. Mvua huku ni mingi, maharagi inaoza shambani, na bibi ya jirani anasema mwaka huu tutakula majani. Bageni bamepanga le 25 août. Fanya mbio.

Kavuo


Butembo, le 12 août 2001

Yaya,

Tuko bazima, mama alikula ndizi zote siku moja, hata ile ya Jokébed. Lukman anatoka leo na gunia. Ndani iko plastike, nimeifunga na majani makavu ya muwa ili isikwaruzike. Ufungue pole pole.

Nilifanya ile kazi siku ine, yaya. Sijisifu, mais nijisifu kidogo. Nilimwanga maji ya kuchemka juu yake na kikombe, nikaikunja juu ya goti yangu mupaka ikachukua mugongo ya DT sawa sawa. Goti iliungua. Mafundi bengine balikuya kuangalia. Moja alisema, hii siyo ya kuiga tena.

Sasa sikiliza namna ya kufunga. Tosha kwanza ile ya zamani yote. Sema yote, hapana kubakisha hata kipande moja ya bidon, juu piki ya rangi mbili itaharibisha kazi yangu. Safisha cadre na petroli. Pa kila boulon, mbele uweke plastike, weka kipande ya chambre à air, mupira ya ndani ya baiskeli, nimekukatia nane, ziko ndani ya karatasi. DT inatetemeka sana, na plastike ya Dubai inapasuka pa boulon kama inagusa chuma. Kaza zote na vidole kwanza. Kiisha na clé, spana ya kumi, kidogo huku, kidogo kule. Ukikaza moja mupaka mwisho, ya pili itakosa shimo yake. Kama shimo moja inakataa, pasha musumari moto, uipanue, mais kidogo kidogo.

Wakati tulikuwa tunafunga gunia, Lukman alianza kunieleza neno juu ya ile barabara ya Mbau. Unajua bachauffeur, habari yao haina mwisho. Nilimuambia apande gari yake.

Unipigie habari batu banasema nini bakiiona. Unaweza kutaja jina ya fundi.

Syauswa


Beni, le 2 septembre 2001

Mudogo yangu,

Bageni balikuya, balikula, balikubali. Nadège ataolewa mwezi ya pili, Mungu akipenda. Alivaa nguo alishona mwenyewe, na mama ya kijana aligeuza pindo mara tatu kutafuta makosa, akakosa.

Plastike nilifunga miye na mikono yangu. Vagheni alikuwa kitandani na malaria siku tano, donc nilikuwa na nafasi. Nadège alishika lampe-torche, miye nilishika clé. Ilikaa muzuri, Syauswa, kweli unajua kazi. Shimo paka moja ilikataa, ya tatu ya mbele, nafikiri ni ile fundo yangu ya mara mbili. Niliipanua na musumari. Vidole vyangu viko na malengelenge mupaka leo.

Siku ya ine Vagheni alitoka na blanketi kwa mabega, akaiona. Aliizunguka yote. Alisema, asante, Kavuo. Kiisha akasema maneno ingine, mais alikuwa na homa. Akarudi kulala.

Siku ya bageni ile piki ilikuwa pale kati ya parcelle, inawaka sawa gari ya harusi. Mama ya kijana aliniambia, bwana yako eko na piki ya muzuri. Nilimuambia ni mudogo yangu ya Butembo. Donc jina yako nimeitaja.

Vagheni bado hana nguvu. Mardi hii hatatoka, na mardi inayofuata banahesabu dawa kwa bureau. Atatoka le 18.

Yaya yako anayekushukuru,
Kavuo


Butembo, le 9 septembre 2001

Yaya Kavuo,

Barua yako nimeipata jana. Ukifungua hii yangu, mbele ya kuisoma yote, chukua clé ya kumi. Tosha ile garde-boue nyekundu, tosha na caches, urudishe bidon ya njano mbele na kila pembeni. Shemeki asitoke le 18 na ile nyekundu. Usinilombe juu ya nini, tutasema siku tutaonana. Lukman atatoka kesho na hii barua.

Le 14. Lukman hakutoka. Banapigana njiani, barabara imefungwa. Nilitafuta mutu ya kwenda na miguu, hakuna anayekubali. Kwa phonie ya parokia, ile redio ya kusemea, sikutaka, pale batu bote banasikia.

Le 17. Sasa Lukman anasema le 20. Nimemupatia barua ili asisahau. Pengine najisumbua bure.

S.


Beni, le 30 septembre 2001

Syauswa,

Habari ulipata na phonie le 19. Nilikuwa nimesimama pembeni ya Élisée, kaka mukubwa ya Vagheni, wakati alikuwa anakuambia. Nilisikia sauti yako inasema bien reçu, bien reçu, bien reçu. Nimesikia, nimesikia, mara tatu. Miye nilikuwa nangoja useme neno ingine.

Tulimuzika le 20. Barua yako ya le 9 ilifika le 26.

Nitakuandikia namna ilikuwa, juu mama atakulomba. Alitoka saa moja ya asubuhi, na sanduku ya chanjo nyuma. Kwa bariere ya kwanza basoda balimusimamisha, balimulomba piki ni ya nani. Miaka mbili hawakumulomba. Aliwaeleza, bakamuacha. Ya pili vile vile. Ya tatu, ile ya Mayi-Mayi, iko mbele ya Mbau, nyuma ya kona, na kutoka pale banaona barabara mbali sana. Hakufika. Balimupiga risasi angali mbali.

Bale balimupiga, njo balimuleta. Balimuweka juu ya chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kusukuma mizigo, bakamusukuma mupaka bariere ya basoda, bakaacha bunduki zao kwa majani, bakafika na mikono juu. Basoda balibaacha bapite, sijue namna gani. Moja yao alikuwa analia sana, juu Vagheni alichanja mutoto yake mwezi ya tano. Alisema mbele yetu bote, muganga tulimujua na njano. Kutoka mbali tukiona njano tunainua mwanzi ya bariere apite. Leo tuliona nyekundu mupya inakuya mbio, na piki mupya ni paka ya macommandant ya bale bengine, maadui yetu. Tulizani banatujia.

Piki balirudisha pia. Garde-boue yako haikupasuka.

Syauswa, mi niko na barua yako hapa. Inasema nisikulombe juu ya nini. Nakulomba. Ulijua nini, na ulijua tangu siku gani?

Kavuo


Butembo, le 28 octobre 2001

Yaya mupendwa,

Tunakulilia huku kila siku. Mama hakulala juma nzima, magoti ilivimba, tulimupeleka kwa dawa. Kyakimwa ameota jino ya kwanza, ya chini. Jokébed anakutumia sukari na sabuni, na kitenge nyeusi ya kilio. Mvua imeharibisha toit ya garage, nilibadilisha manjanja mbili, mabati ya juu. Huku bei ya petroli imepanda tena.

Nilitaka kuya. Barabara haijatulia, unajua mwenyewe. Kiisha mama na magoti, sikuweza kumuacha. Kiisha niko na piki ya padiri, moteur yote iko chini, alinisihi nisitoke mbele niimalize.

Shemeki alikuwa mutu ya muzuri. Hakuna mutu alimuchukia. Mungu njo anajua juu ya nini.

Jikaze, yaya.

Syauswa


Beni, le 25 novembre 2001

Syauswa,

Sukari niligawa kwa majirani. Sabuni pia.

Kilio tutaitosha, tutaimaliza, le 12 janvier. Unajua desturi yetu. Siku ile ndugu ya mujane anasimama mbele ya jamaa ya bwana na kumusemea. Ndugu mwanaume niliye naye ni weye paka. Élisée analomba kila akifika hapa, nani alimuvalisha mudogo yake nyekundu wakati ya vita. Mi nanyamaza. Nadège pia ananyamaza, na harusi yake imesukumwa mupaka siku isiyojulikana.

Moteur ya padiri, hata kama iko kubwa sawa ya ndege, miezi mbili imetosha.

Usinitumie kitu tena. Nitumie jibu.

Kavuo


Butembo, le 23 décembre 2001

Yaya,

Nimeandika hii barua mara ine, na mara ine niliwasha nayo moto. Hii nitaipeleka.

Nilijua tangu le 12 août. Lukman mukono yake ilikuwa juu ya gunia. Aliniuliza, hii ni ya muganga ya Mbau? Nilisema ndiyo. Alisema, usiipeleke. Mi napita ile njia na lori kila juma, banatuchelewesha nusu siku, na yeye banamuinulia mwanzi angali mbali juu banaona njano. Ile bidon njo laissez-passer yake, ruhusa ya kupita. Ukimuvalisha nyekundu batamujua namna gani?

Nilisikia muzuri, yaya. Neno kwa neno. Nilicheka, nilimuambia eko chauffeur, asinifundishe kazi. Siku ine nilipinda ile plastike juu ya goti yangu. Nilitaka batu ya Beni baione na balombe ni nani aliifanya. Juu ya hiyo paka nilikuandikia hata utoshe bidon yote. Kama ningekuandikia uache hata garde-boue moja ya njano, ya mbele ile inaonekana, leo angekuwa pale kwenu anakula.

Nilikaa na ile neno siku makumi mbili na nane. Wakati barua yako ilifika na kuniambia le 18, njo nikaandika. Na kiisha barabara ikafungwa. Nilikuambia sikutaka phonie. Haiko vile. Le 15 nilienda kwa parokia. Kulikuwa batu kama kumi na mbili, kila mutu anasikiliza habari ya mwenzake. Niliona itanipasa kupaza sauti mbele yao na kusema, ile kazi nilifanya itamuua shemeki yangu, itosheni. Bale mafundi waliokuya kuangalia, mbili kati yao balikuwa pale. Nilisimama kwa mulango. Kiisha nikarudi garage, nikasema kesho Lukman atatoka.

Njo jibu yako. Mama sijamuambia. Jokébed anajua.

Le 12 janvier sitakuya. Barabara iko wazi, sikudanganyi tena. Mbele ya Élisée nikisimama nitasema ukweli, na nikisema ukweli nitakuwa nimemuletea jamaa ya Vagheni muuaji kwa meza yao. Tafuta mutu mwingine akusemee. Nahuzunika sana, yaya. Sijue neno ingine ya kuweka hapa.

Syauswa


Beni, le 20 janvier 2002

Syauswa, mudogo yangu,

Salimia mama, salimia Jokébed, busu Kyakimwa kwa hiyo jino. Nadège anaendelea. Kijana alikuya mwenyewe juma jana, peke yake, alisema anangoja hata miaka mbili. Ni mutoto ya muzuri.

Barua yako niliisoma nimekaa jikoni. Nilisikia hasira, sitakuficha, nilikutukana kwa sauti mupaka jirani akagonga kujua nasema na nani. Kiisha nikaisoma tena, na hasira ikanigeukia miye, juu ulinieleza ukweli wako yote na wangu uko bado ndani ya tumbo.

Le 2 septembre nilikuandikia Vagheni alisema maneno ingine na nikasema ni homa. Haikuwa homa. Alizunguka ile piki, akaweka mukono juu ya garde-boue, akaniambia polepole namna yake, Kavuo, ile njano banaijua. Urudishe mbele nitoke. Nilimuambia bageni kwanza. Akakubali. Bageni balitoka le 25 août. Kesho yake, dimanche, siku ya misa, alinilomba bidon iko wapi. Nilikuwa nimewasha nayo makala ya kupikia bageni, yote, mupaka kipande ya mwisho. Nilimuambia nitamutafutia bidon ingine sokoni. Alikuwa angali mulegevu, hawezi kwenda mwenyewe. Alinilomba tena dimanche ya pili, nikasema nimesahau. Alinilomba dimanche ya tatu, nikasema ya njano haikuwa sokoni, paka ya bluu.

Ilikuwa sokoni, Syauswa. Iko kila siku. Niliiona, nikapita. Ule mama ya kijana alisema bwana yako eko na piki ya muzuri, na nilitaka kusikia ile neno mara ingine, kwa misa, na bale wote waliomuita Muganga Bidon basimame kwa mulango ya kanisa banasikia pia. Nilisema mardi moja tu, kiisha nitanunua. Le 18 asubuhi alifunga sanduku ya chanjo, aliangalia piki, aliniangalia. Hakunigombeza. Batoto ya Mbau walikuwa hawajachanjwa mardi ine, njo maana alipanda. Miye nilisimama pale na furaha yangu, naona namna inawaka.

Donc barua yako, hata ingefika le 10, hata ungepiga phonie mbele ya Butembo nzima, ungeniambia kitu nilikuwa najua. Usichukue yote peke yako. Ulificha siku makumi mbili na nane. Miye nilikuwa naye ndani ya nyumba moja, na alinilomba kwa kinywa chake.

Sasa nikueleze le 12. Batu balijaa parcelle. Nafasi yako ilikuwa wazi, kiti tuliiacha pale, na kila mutu aliiona. Élisée alisimama, akalomba mbele ya bote jina ya fundi aliyefunga ile plastike. Akasema jamaa haitatosha kilio mbele ijue. Bakaangalia kiti. Bazee bakaanza kunong'ona. Niliona jina yako iko karibu kutoka kwa kinywa ya mutu.

Nilisimama miye mwenyewe. Mujane hasimamake siku ile, mais nilisimama. Nilibaonyesha vidole vyangu, alama ya malengelenge iko bado. Nilisema, fundi ni miye. Miye nililomba plastike, miye nilifunga, miye nilichoma bidon, na Vagheni aliniambia mara ine niirudishe. Ndugu yangu alitumika paka kile nilimutuma.

Hakuna mutu alipiga kelele. Ingekuwa afadhali. Élisée alikaa chini, akasema sala iendelee. Tangu siku ile hakuna mutu ya upande yao anapita kwetu, na mama ya kijana alituma habari anafikiri kwanza. Nadège aliniuliza jikoni kama ni kweli. Nilisema ni kweli. Analala sasa kwa shangazi yake.

Batu banakuya bado kumulilia Vagheni, banakaa kidogo, banatoka. Mi nashukuru. Mais juu ya zile dimanche tatu na ile le 15 yako kwa mulango ya parokia, hakuna mutu hapa ninayeweza kulia naye. Hawajui. Weye njo unajua. Barabara iko wazi, ulisema mwenyewe. Hata bakikufukuza kule kwa Élisée, kwangu mulango uko.

Kuya, Syauswa. Mi peke yangu siwezi.

Yaya yako,
Kavuo